Mvua Aliyoifunga Mjomba

Siku ya tatu ya msiba wa mama, jirani yetu hapa Mitwero alileta sufuria la ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu. Alikuwa ameichemsha na chumvi mpaka maji yakakauka, akaifunika kwa jani la mgomba. Alipofunua, ile harufu ya udongo wa msituni, ambayo haitoki hata uoshe mara ngapi, ikanijia usoni. Nilikuwa sijalia tangu wanaume waliporudi makaburini. Nikainuka, nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Wanawake wakadhani uchungu umenizidi. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichoniinua pale kilikuwa dharau, na dharau si kitu cha kukaa nacho kwenye mkeka wa msiba.

Upande wa pili wa ua, kwenye jamvi la wanaume, alikuwa amekaa mjomba wangu Bakari, kaka pekee wa mama. Alikuwa amefika asubuhi hiyo, mazishi yamekwisha pita. Alinawa, akala, akajifuta midomo, kisha akawatangazia waliokuwepo kwamba amekwisha msamehe dada yake.

"Marehemu alinikosea," alisema. "Alinikosea sana. Lakini mimi nimemsamehe mbele ya Mungu na mbele yenu."

Wazee wakamwombea heri. Hakuna aliyeuliza marehemu alikosa nini. Mimi nilikuwepo siku hiyo ya kosa, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza.

Tulikuwa tukiishi Kikole, kwenye uwanja wa bibi yangu mzaa mama. Baba alikuwa amemwacha mama, na mama akarudi kwao na mimi mgongoni. Bibi alipofariki, uwanja ukawa chini ya mjomba. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba ndiye anayesema mtoto achezwe unyago lini, aolewe na nani, alale wapi. Mama aliniambia mara nyingi, bila kulalamika, kama mtu anayemwambia mtoto njia ya kisimani: "Hapa tunakaa kwa kauli ya mjomba wako. Akisema tukae, tunakaa. Akisema tuondoke, hatuna pengine." Kwa hiyo tulimnyenyekea. Kuku wetu akitaga kwake, yai lilikuwa lake. Akitaga kwetu, mama alilipeleka kwake.

Mjomba alikuwa na jina. Alikuwa mfunga mvua. Mtu akiwa na harusi, jando au unyago, alimwendea na jogoo, naye akafunga mafundo kwenye kitambaa cheusi na kukichimbia chini ya kizingiti chake, na mvua isinyeshe mpaka shughuli imalizike. Kweli haikunyesha. Lakini nitaje ni miezi gani. Shughuli kwetu hufanywa baada ya mavuno, kiangazi, mikorosho inapoanza kutoa maua, wakati ambao hata mtoto hawazi mvua. Kuifunga mvua miezi hiyo ni kama kujisifu kwamba umemzuia mwewe aliyekwisha kufa. Masika, watu walipomhitaji kweli, mgongo wake ulikuwa unamuuma.

Haya nayasema leo. Wakati ule nilimwamini kabisa. Kila asubuhi jua lilipotoka nilijua ni kazi ya mjomba, na nilijiona mtoto mwenye bahati kuliko wengine kwa kulala uwanja mmoja na mtu kama huyo.

Mwaka wa lile kosa mwali alikuwa binti yake mwenyewe, Hadija, na siku ya kumtoa ilikuwa imekaribia. Mjomba akaifunga mvua kwa mbwembwe kuliko siku zote. Miiko ilikuwa hii: mpaka mwali atoke, yeye mwenyewe asinywe maji wala asioge, na sisi wa uwanja wake tunywe tu, lakini tusioge, tusifue, wala tusioshe kitu. Tulinuka wote. Yeye alikunywa madafu, akasema dafu si maji. Alikunywa uji mwepesi bakuli kwa bakuli, akasema uji ni chakula. Watu wakatikisa vichwa kwa kumhurumia alivyojitesa.

Wageni walikuwa wengi na kifungua kinywa chao kilikuwa ming'oko. Ile ya karibu na kijiji wanawake walikuwa wamekwisha ichimba. Mjomba akamwambia mama, "Ng'ambo ya korongo ipo tele. Nitawapeleka mwenyewe. Kule kuna tembo, si pa wanawake kwenda peke yao." Nakumbuka jinsi nilivyovimba kichwa. Naenda msituni na mwenye mvua.

Msitu wa kwetu hauanzi polepole. Unatembea kwenye mikorosho, jua linachoma utosi, halafu unainama kupita chini ya tawi na umeingia ndani kama umeingia nyumbani kwa mtu. Kuna giza la kijani. Kuna harufu ya majani yaliyooza na ya utomvu wa msandarusi. Kamba pori zimening'inia nene kama mapaja, na hondohondo wakiruka juu unasikia mabawa yao kabla hujawaona. Mjomba alitangulia na panga. Mama alifuata na kikapu kichwani. Mimi nilibeba kidumu cha maji ya kunywa, ambacho mama alikijaza asubuhi mpaka shingoni. Korongo tulilivuka likiwa mchanga mtupu, na nyayo za mbawala zilionekana juu yake.

Baada ya korongo joto likawa la ajabu. Hakuna jani lililotikisika. Mbega waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza. Mama akasimama na kutazama mti ulio kando ya njia. Siafu walikuwa wanapanda shina, mstari mweusi mnene, wamebeba mayai.

"Kaka," alisema, "siafu wanapandisha mayai."

"Wanahama," mjomba akajibu bila kugeuka. "Kwani wewe hujawahi kurudishwa na mizigo yako?"

Mama aliliacha lile lipite. "Na upepo umekata."

"Umepumzika. Somoe, mvua nimeifunga mimi. Unataka kunifundisha kazi yangu?"

"Sijataja mvua. Nimetaja upepo. Nasema turudi ng'ambo ya korongo, tuchimbe huko."

"Ukirudi nyuma kwa kuiogopa, umeiita. Tembea."

Tukatembea. Mama aliyajua mawingu, lakini aliijua pia ile kauli iliyotuweka chini ya paa.

Tulifika penye ming'oko. Kiangazi majani yake yanakuwa yamepukutika, unatafuta kijiti chembamba kikavu kinachopanda mtini, unakifuata mpaka kinapoingia ardhini, ndipo unapochimba. Mama alichimba kwa mti uliochongwa ncha, amepiga magoti, jasho linamtoka mpaka kwenye viwiko. Kila alipotoa mng'oko aliacha kichwa chake shimoni na kukifukia, ili uote tena. Mjomba alisema anakwenda kutazama nyayo za tembo. Alichukua kidumu changu, akasema atanisaidia kukibeba.

Baadaye mama akanituma nikamwombe panga akate mzizi. Nilimkuta amekaa nyuma ya shina la mti mkubwa. Alikuwa ameinua kidumu kwa mikono miwili na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Maji yalimchirizika kwenye ndevu. Aliponiona alikishusha taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Unatazama nini?"

"Mama anataka panga."

"Hii ni dawa," akasema. "Ya kiume. Haisemwi kwa wanawake. Ukimwambia mama yako, mimi simo."

Niliamini. Si kwamba nilikuwa mjinga kuliko watoto wengine. Nilijua mfunga mvua hanywi maji. Basi kama mjomba anakunywa, kile kitu si maji. Kidumu nilikibeba mwenyewe kutoka nyumbani, lakini nilijua pia kwamba mkono wa mjomba unaweza kukigeuza kitu. Hesabu yangu ilikamilika pale pale, na nikampelekea mama panga.

Shida ikaja mjomba aliporudisha kidumu na kuchukua panga lake, nami nikapata kiu. Mama alinyoosha mkono na kidumu. "Kunywa."

"Sitaki."

"Tangu asubuhi hujanywa. Kunywa, mwanangu."

Nikatikisa kichwa. Ulimi ulikuwa umenata kwenye kaakaa, lakini niliogopa ile dawa ya kiume itaniotesha ndevu. Mama alinitazama. Kisha akakitazama kidumu, akakitikisa. Akamtazama kaka yake aliyekuwa akikata fimbo pembeni, akipiga mluzi. Akanywa fundo moja, akafunga kifuniko, akaendelea kuchimba.

Msituni mvua unaisikia kabla hujaiona. Ilianza mbali, juu kabisa ya miti, kama wanawake wengi wanapepeta mtama kwa pamoja. Sauti ile ikatujia. Mwanga ukapungua mpaka nikadhani magharibi imefika. Baridi ikashuka kama mtu amefungua mlango wa pango. Kisha ikaja yenyewe, si matone, maji ya kumwagwa, na radi ikapiga karibu hata nikasikia harufu yake.

Mjomba alisimama ametazama juu, mdomo wazi. "Ni wingu la kupita," alisema. Radi ikapiga tena. Akageuka na kukimbia.

Sitaki kumsingizia. Alisema "nifuateni." Lakini alisema akiwa amekwisha kutugeuzia mgongo, na panga alikwenda nalo. Mama alinishika mkono, akajitwisha kikapu, tukamfuata kwa kuteleza kwenye mizizi. Tulipofika korongoni mchanga haukuwepo tena. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita na magogo. Mjomba alikuwa ng'ambo, amelowa, amejifunika shuka kichwani.

"Kaka," mama akaita.

Alitugeukia. Nilimwona akituona. Akainua mkono hivi, kama mtu anayeaga, akaingia kwenye miti.

"Anakwenda kuifunga tena," nikamwambia mama.

"Ndiyo," mama akasema.

Tulikaa juu ya mzizi mkubwa, mama ameifunga kanga yake kutuzungusha mimi na yeye pamoja na shina. Nilitetemeka mpaka meno yakauma. Wakati fulani tulisikia matawi mazito yakivunjika upande wa pili wa kichaka, na mama akaniziba mdomo na kiganja. Tembo walipita bila kujali habari zetu. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Nilikuwa nasikiliza mvua ikatike, kwa sababu nilijua mjomba amekwisha fika kwenye kizingiti chake. Haikukatika. Nikaona kwamba leo ina kiburi.

Jioni maji yalishuka mpaka kiunoni mwa mama. Akanibeba mabegani, akavuka, anajaribu kila hatua kwa ule mti wa kuchimbia. Hakuna mtu tuliyekutana naye njiani akitutafuta. Hakuna aliyekuwa ametumwa.

Mjomba tulimkuta barazani, amejifunga shuka kavu, anakunywa chai ya moto. Watu walikuwa wamejaa. Kibanda cha makuti cha shughuli kilikuwa kimelala chini, unga umelowa, na maua ya mikorosho yametapakaa kila mahali kama pumba. Wenye mikorosho hawakuwa watu wa kuchezewa jioni ile.

"Nilipambana nayo mpaka mikono ikafa ganzi," mjomba alikuwa anasema. "Mafundo yangu yako pale pale. Kuna mtu amefungua."

Mama akateremsha kikapu. Mjomba akakitazama, na nikaona uso wake unapata nafuu, kama mtu aliyeona mkeka wakati amechoka.

"Tazameni," alisema. "Tazameni ming'oko hii. Ina udongo?"

Haikuwa nao. Ilikuwa safi kabisa. Ilikuwa imenyeshewa tangu mchana.

"Imeoshwa," mwanamke mmoja akasema.

"Imeoshwa," wengine wakaitikia.

Namna hiyo watu wazima, wenye mikorosho na wajukuu, walisimama wamelowa chepechepe wakaikubali habari hiyo. Hakuna aliyetazama nguo zetu zilizokuwa zikidondosha maji mbele yao.

"Tulikuwa watatu," mjomba akasema. "Mimi siwezi kuifungua kazi yangu mwenyewe. Wamebaki mkubwa na mdogo."

"Huyo mdogo ndiye mchezea maji," yule mwanamke akasema. "Juzi nilimwona kisimani anajimwagia miguu."

Macho ya mjomba yakaja kwangu. "Mtoto aliyefungua mvua hachezwi unyago hapa," akasema. "Hata mume hatapata. Nani atachukua balaa?"

Mama akasema, "Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyeosha?"

"Mimi ndiye niliyeosha."

Mjomba akaweka kikombe chini. Alisema hawezi kukaa uwanja mmoja na mtu aliyemwagia kazi yake, hata akiwa ni damu yake. Asubuhi tuliondoka na mkeka, sufuria na nguo tulizovaa. Watoto walitusindikiza mpaka mwisho wa mikorosho. "Somoe," walipiga kelele, "usikojoe njiani, utatuletea mafuriko." Mama alitembea mbele na mgongo ulionyooka. Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka ni saa ngapi aliosha ile ming'oko. Nilikuwa naye kutwa. Nikaamua kwamba lazima aliosha pale nilipofumba macho kwa ajili ya radi, na kwa miaka mingi niliamini hivyo, kwamba mama ndiye aliyetutoa kwetu kwa tamaa ya ming'oko safi.

Hapa Mitwero tulipokewa na mwanamke aliyemfahamu mama tangu usichana wao. Mama akapika vitumbua, mimi nikasoma mpaka darasa la saba, nikaolewa, na balaa halikuonekana. Siku moja nikiwa nimejifungua mtoto wa kwanza, mama akinikanda kwa maji ya moto, nikamsimulia kwa kicheko ile dawa ya mjomba niliyoogopa itaniotesha ndevu. Nilidhani namwambia jambo jipya.

"Nilijua," akasema. "Kidumu kimekuwa nusu, na wewe unakitazama kama kina nyoka ndani. Ningekosaje kujua?"

"Na hukusema? Mbele ya watu wote wale?"

"Ningesema, wangeniamini. Hilo ndilo tatizo. Wangeniamini, halafu wangekwenda majumbani kwao, na sisi tungebaki uwanjani na mwanaume aliyeaibishwa na dada yake. Wewe humjui mtu wa namna hiyo anavyokuwa usiku na mchana. Mimi nimekua naye."

"Kwa hiyo ulimhurumia."

Mama aliacha kunikanda. "Nani alikuambia huruma? Nilimwachia jina lake. Hakuwa na kitu kingine."

Nimekuwa nikimfikiria mjomba kwa njia mbili. Kama aliamini kazi yake, basi alijua tangu mchana ule kwamba yeye ndiye aliyeivunja miiko, na akamtwisha dada yake. Kama hakuamini, basi alijua kwamba mvua ni mvua tu, na bado akamtwisha dada yake. Nimejaribu kuchagua ni lipi baya zaidi, nikaona sina sababu ya kumfanyia kazi hiyo.

Niliporudi kutoka nyuma ya jiko, aliniita ukingoni mwa jamvi. Amezeeka, macho yamemwingia ndani. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Nimeshapoa, mjomba."

"Sasa sikiliza. Uwanja uko mtupu. Mke wangu hayupo tena, Mungu amrehemu, na Hadija yuko Dar es Salaam, simu yenyewe kupiga ni taabu. Nyumba ya mama yako nimeiezeka bati. Njoo ukae kwenu. Kuna mikorosho, kuna kisima. Mtu wa kuniangalia ndiye sina. Yale mengine nimekwisha yasamehe, umesikia mwenyewe."

Wazee wakaitikia tena kwamba hilo ni jambo la heri. Kuitwa arudi kwao ndicho mama alichokitaka miaka yote, na hakuna aliyempa alipokuwa hai.

"Sitakuja, mjomba," nikasema.

"Kwa nini?"

Jamvi zima likanigeukia. Hadithi yote ilikuwa mdomoni mwangu, na haikuwa ndefu. Wangeniamini pia. Nilimtazama vile alivyokaa akisubiri, mkono mmoja kwenye sikio ili asikie vizuri, na nikaona kwamba sababu hupewa mtu unayetaka akuelewe.

"Sitakuja tu," nikamwambia, nikachukua sahani yake nikaenda kuiosha.